Kujisomea saikolojia mtandaoni: anza na sura ya kumbukumbu

Wanaotaka kujisomea kozi ya utangulizi wa saikolojia mtandaoni huniuliza waanzie wapi, nami huwashauri waitangulize sura ya kumbukumbu, hata kabla ya ile ya historia, yenye Wilhelm Wundt, mwanasaikolojia wa Kijerumani, na maabara ya saikolojia aliyoianzisha Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879. Katika kitabu cha kiada cha OpenStax, ambacho Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani hukitoa bure, sura hiyo ni ya 8 kati ya 16, kwa hiyo anayefuata mpangilio huifikia akiwa karibu nusu ya safari, pengine kwa njia ya kusoma ambayo utafiti umekwisha kuonyesha udhaifu wake.

Njia hiyo ni kusoma na kurudia kusoma. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu viwili: kimoja walikisoma tena, kingine waliandika yale waliyoyakumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, kifungu kilichorudiwa ndicho kilichokumbukwa zaidi. Lakini kwa waliopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka, wakakumbuka takriban asilimia 42 ya kile walichokirudia na asilimia 56 ya kile walichojipima. Hapo ndipo anayesoma peke yake anapopotea, kwa kuwa wepesi wa dakika zile za mwanzo humwaminisha kwamba ameelewa, na hakuna mwalimu wa kumuuliza swali wiki inayofuata.

Kwa hiyo, ukimaliza sehemu moja, funga kitabu, andika ulichokishika kwa maneno yako (kwa Kiswahili, ikiwa ndiyo lugha unayowazia, ingawa kitabu ni cha Kiingereza), kisha kifungue uone ulichokiacha. Jipime tena kesho yake, na tena baada ya siku kadhaa. Kazi hii inachosha, na mwanzoni itaonekana inakuchelewesha. Naomba usiiache kwa sababu hiyo. Mihadhara ya utangulizi wa saikolojia ya Profesa Paul Bloom, iliyorekodiwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 2007, ambayo naipenda sana, nayo isikilizwe hivyo hivyo, kwa kuisimamisha na kuandika.

Sura ya 2, inayohusu mbinu za utafiti, wengi huiruka wakiwahi magonjwa ya akili, ilhali bila hiyo sura nyingine zote hubaki habari za kukariri. Ndiyo inayokufundisha kuuliza washiriki walikuwa akina nani. Chukua mistari miwili ya Müller-Lyer, yenye urefu sawa lakini mmoja huonekana mrefu zaidi kwa sababu ya vishale vya ncha zake: watafiti Segall, Campbell na Herskovits walionyesha mwaka 1966 kwamba Wamarekani walidanganyika sana, na Wasani, jamii ya wawindaji wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika, karibu hawakudanganyika kabisa. Mchoro huo unaweza kuuchora mwenyewe kwenye daftari, ukawaonyesha wa nyumbani kwako kabla hujasoma maelezo ya kitabu.