Faiba ya Kutengenezea Deraya: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Tamasha za drama za shule zikikaribia, au kijana wa Kisumu akitaka kwenda Nairobi kwenye maonyesho ya katuni akiwa amevaa deraya aliyojitengenezea, washauri huwa wengi kuliko vifaa. Wengi wao ni mafundi wa bampa za matatu za faiba, yaani nyuzi za glasi zinazoloweshwa kwa rezini, kimiminika kinachoganda kikawa kigumu, na kazi yao wanaijua. Shida ni kwamba bampa haivaliwi. Haina kwapa, wala haipandi ngazi za jukwaa.

"Faiba ni faiba, chukua yoyote."

Si kweli. Mati ni nyuzi fupi, za sentimita tano hivi, zilizotandazwa bila mpangilio na kushikanishwa kwa gundi nyepesi. Kitambaa cha faiba kimefumwa kwa nyuzi ndefu. Rovingi nayo imefumwa, lakini kwa mafungu manene, gramu 600 au 800 kwa mita ya mraba, na kazi yake ni maboti na matangi. Hiyo iache dukani: haikubali kulala kwenye bega wala kwenye pua ya helmeti, na mistari ya ufumaji wake hujitokeza hata baada ya rangi. Kuna pia tishu, nyepesi sana, karibu gramu 30, ambayo hailengi nguvu bali uso laini.

"Kitambaa ni cha mafundi wa kweli, mati ni ya wasio na pesa."

Hili ndilo linalowapotosha wengi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Kwa uzito uleule, kitambaa kina nguvu zaidi: kinahitaji rezini yenye uzito sawa na wake, ilhali mati hunywa mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake. Tabaka mbili za kitambaa cha gramu 200 zikishaloa huwa na gramu 800 hivi kwa mita ya mraba. Tabaka mbili za mati ya gramu 300 hukaribia kilo mbili.

Lakini deraya ya jukwaani haiendi vitani. Lwanda Magere, shujaa wa hadithi za Waluo, alikuwa na mwili wa jiwe na bado kivuli kikamponza. Wewe unatafuta kitu kisichopinda ukiinua mkono. Ugumu wa kutopinda hutokana na unene: unene ukiongezeka mara mbili, ugumu huongezeka mara nane. Zile tabaka mbili za mati hukupa karibu milimita moja na nusu, za kitambaa hata milimita moja hazifiki. Kwa hiyo kifuani na mgongoni, mati ya gramu 300 inatosha kabisa. Kitambaa kiweke panapogongwagongwa, kama ukingo wa ngao au matundu ya mikanda. Kikigoma kukaa kwenye mviringo, kikate mshazari, nyuzi zielekee digrii 45, nacho kitalegea. Kile cha ufumaji wa twili, wenye mistari ya mshazari kama ya jinzi, hutii zaidi ya kile cha ufumaji wa kawaida.

Mati usiikate kwa makasi pembeni. Ichane kwa vidole. Ukingo uliochanwa huachia nyuzi zinazoingiliana na za kipande jirani, na ukishapiga msasa huoni kiungo. Ukingo wa makasi huacha ngazi utakayoifukia kwa bodi fila, ile lipu ya kuziba mabonde ya gari, na fila ni uzito mtupu: inalainisha tu, haishikilii chochote.

"Mati inakubali rezini yoyote."

Gundi inayoshika mati nyingi huyeyushwa na kemikali iitwayo stairini, na stairini imo kwenye rezini ya poliesta. Paka poliesta, subiri kidogo, gonga kwa brashi: mati inalegea, nyuzi zinateleza na kufuata kila kona. Paka epoksi, rezini ya aina nyingine isiyo na stairini, na mati itabaki kavu katikati na kusimama kama chapati ya juzi. Ukilazimika kutumia epoksi, chukua kitambaa, au mati iliyoshonwa kwa uzi badala ya gundi.

Kwa upande mwingine, poliesta huyayusha ile povu nyeupe ya kufungia televisheni. Umbo unalolifunika kwa faiba likiwa la povu hiyo, epoksi ndiyo salama.

"Ongeza rezini iwe imara." Rezini bila faiba huvunjika kama kioo. Mati iliyoloa vizuri haina weupe wala dimbwi. Kinachobaki juu kisukume nje kwa rola.

"Ongeza hadina ikauke haraka."

Hadina, kemikali ya kugandisha rezini, kwa poliesta ni asilimia 1 hadi 2, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo. Adhuhuri ya Kisumu, kaa karibu na 1 na uchanganye kidogo kidogo, la sivyo kopo litafuka moshi mkononi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake ni baridi, basi subiri jua badala ya kumimina zaidi. Ya epoksi ina kipimo chake maalumu, usikiguse. Vaa miwani: tone la hadina ya poliesta linaweza kupofusha jicho.

"Faiba ni kama asbesto, lakini harufu haina neno."

Kinyume chake. Shirika la utafiti wa saratani, IARC, limeweka nyuzi ndefu za glasi kwenye kundi la 3, zisizoweza kuainishwa kuwa zinaleta saratani. Stairini, yaani ile harufu, iko kundi la 2A: huenda inaleta. Vumbi litakuwasha na barakoa ya vumbi ni lazima ukipiga msasa, ila haizuii mvuke hata kidogo. Kwa mvuke unahitaji barakoa ya vichujio vya kaboni, na ufanyie kazi nje.

"Chandarua au gunia vinatosha."

Chandarua hunyumbuka, rezini hainyumbuki, basi rezini hupasuka kabla neti haijabeba uzito wowote. Gunia hunywa rezini nyingi kiasi kwamba ulichookoa kwenye faiba unakilipa kwenye kopo. Mkonge, kama ule wa mashamba ya Mogotio, una kazi nyingine nzuri: tandaza nyuzi zake ndani ya plasta unapomimina kalibu ya kifua, na kalibu haitapasuka unapoitoa.