Bwana anakurudi, au ni bodaboda tu?

Juzi tena. Mama mmoja wa Pasua, hapa Moshi, kagongwa na bodaboda akitoka soko la Mbuyuni, mguu umefungwa hogo mpaka juu ya goti. Jumuiya tukafika na sukari, mchele na sabuni ya mche. Tumeimba, tumeomba, chai imemiminwa. Ndipo mzee mmoja akakohoa, akasema kwa sauti ya upole kabisa: "Pole sana mama. Ila Bwana ampendaye humrudi. Jichunguze." Mwenzake, mshika daftari, akakumbusha kwamba bahasha za ahadi za mama hazijaonekana tangu Pasaka.

Nilinyamaza kwa heshima ya chai. Hapa hakuna chai.

Nusu ya balaa iko kwenye neno lenyewe, kurudi kwa maana ya kuadibu. Kila mwaka darasani kwa kipaimara lazima atokee mtoto aulize: "Humrudi? Humrudi wapi?" Tunacheka, ila mtoto ana haki, siku hizi nani anamrudi mwanawe? Tunamchapa au tunamsema. Kwenye Waebrania 12, mstari huo unaponukuliwa, Kigiriki ni paideia: malezi, mafunzo, na fimbo ikibidi. Neno hilohilo, Waefeso 6:4, Biblia yetu ya Union inasema "adabu". Ukifika Waebrania 12:11 inasema "adhabu". Herufi h moja, na watu wameijengea ghorofa.

Adhabu inadai la jana. Kurudi kunamtaka mtoto awe mtu kesho. Kwa sisi Walutheri hilo halina mjadala: deni lililipwa msalabani, Mungu hatozi mara mbili. Twende.

Kinachonichosha ni wapi watu wanaupeleka mstari. Waebrania iliandikiwa watu gani? Soma 10:34: walionyang'anywa mali zao kwa ajili ya imani. Hawakuwa watu waliofumaniwa. Mwandishi anawaambia wanaochapwa na dunia kwamba Baba hajawatupa, wao ni wana. Ni neno la kumnyanyua aliyechoka, sisi tumeligeuza la kumkalisha chini mgonjwa. Hata hicho kipigo cha "humpiga kila mwana amkubaliye" kimetoka kwenye tafsiri ya Kigiriki ya Mithali. Ukifungua Mithali 3:12 yenyewe unakuta "kama vile baba mwanawe ampendezaye". Kiboko hakipo.

Na aliyetutangulia katika ziara za namna hii ni Elifazi, rafiki wa Ayubu. Ayubu kakaa majivuni, kazika watoto kumi, Elifazi anamwambia ana heri mtu ambaye Mungu humrudi, asiudharau kuadibu kwake Mwenyezi (5:17). Maneno mazuri, ningeweza kuyahubiri Jumapili. Mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi hasira yake imewaka juu yake, kwa kuwa hakunena yaliyo sawa. Dawa nzuri, kampa mgonjwa asiye wake. Yesu naye alipoulizwa ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake, alijibu: wala huyu wala hao. Walioangukiwa na mnara wa Siloamu wakafa walikuwa 18, nao, alisema, hawakuwa wabaya kuliko wengine. Sijui tunataka aseme mara ngapi.

Mtanibana: kwa hiyo Mungu hamrudi mwamini aliyepotoka? Humrudi. "Wote niwapendao mimi nawakemea, na kuwarudi", kanisa la Laodikia liliambiwa katika Ufunuo. Na hapa ndipo mimi mwenyewe sina raha. Korintho matajiri walikula chakula cha ushirika maskini wakibaki na njaa, na Paulo anasema waziwazi kwamba kwa sababu hiyo wengi ni wagonjwa na wengine wamelala, yaani wamekufa. Mtume anaruhusiwa kusema. Mshika daftari je? Halafu 2 Samweli 12. Daudi alimtwaa mke wa Uria, ametubu, amesamehewa, mtoto wao anakufa siku ya saba. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi, na kila nikifika kwa mtoto huongeza mwendo. Sina maelezo. Nikiwasikia wenye maelezo huogopa zaidi.

Sisi kanisani nasi tunarudi watu. Zamani, usharika niliokuwa nikitumika, tulimtenga binti aliyepata mimba. Asishiriki meza ya Bwana mpaka aungame mbele ya watu wote ndipo arudi kundini. Jumapili hiyohiyo kijana aliyempa mimba aliimba besi kwenye kwaya, sote tulijua. Binti hakurudi kundini, wala popote. Mimi ndiye niliyesoma tangazo.

Keshoye nilirudi Pasua peke yangu. Mama alikuwa kibarazani anachambua maharage kwenye ungo, hogo limewekwa juu ya kigoda. Nikaanza kuomba radhi kwa yale ya jana. Akanikatiza.

"Mchungaji, mimi kurudiwa narudiwa. Mwaka wa sita huu sisemi na mdogo wangu, tangu ugomvi wa kihamba, shamba la ukoo. Kila nikipiga magoti nalisikia jina lake. Lilianza kabla ya bodaboda."

Nikauliza mguu unaendeleaje.

"Mguu ni yule kijana alikuwa anachezea simu," akasema, akanisogezea ungo nami nichambue.