Wengi hawakuiona Challenger ikisambaratika mubashara

Wamarekani wengi waliokuwa na umri wa kuelewa mambo tarehe 28 Januari 1986 watakuapia kwamba walikiona chombo cha anga Challenger kikisambaratika mubashara kwenye televisheni, sekunde 73 baada ya kuruka kutoka Florida. Kwa walio wengi, haikuwa hivyo. Ilikuwa Jumanne, kabla ya saa sita mchana, watu wazima wako kazini, na vituo vikubwa vya taifa havikuwa vikirusha tukio hilo. CNN ilirusha. Shule nyingi nazo zilipokea matangazo ya NASA, shirika la anga la Marekani, kwa setilaiti, maana mwalimu Christa McAuliffe alikuwa mmoja wa wanaanga saba waliokuwamo. Walioshuhudia kweli, basi, wengi wao ni watoto waliokuwa madarasani. Wengine waliona marudio, yaliyoonyeshwa kutwa nzima.

Wanaoapa hivyo wanadanganya? Hapana, na inaniuma wanapoitwa waongo. Asubuhi iliyofuata, mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory dodoso: ulikuwa wapi, ulisikiaje habari hizi? Miaka kama mitatu baadaye, yeye na mtafiti mwenzake Nicole Harsch wakawauliza tena. Mwanafunzi mmoja, aliyekuwa ameandika kwamba alisikia darasani watu wakizungumza, sasa alisimulia kwamba alikuwa bwenini na mwenzake wakitazama televisheni, taarifa ikakatiza kipindi. Alikuwa na uhakika kabisa. Wengi walikosea vivyo hivyo, na hata walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe, kumbukumbu ya awali haikurudi.