Je, Magneto angelibeba Daraja la Busisi?

"Mjomba, hili nalo Magneto angelibeba?"

Tulikuwa kwenye basi la Sengerema, Kigongo Feri tumeshaiacha nyuma, maji ya Ghuba ya Mwanza kulia na kushoto. Mpwa wangu ana miaka kumi na moja. Jana yake alikuwa ameangalia X-Men: The Last Stand ya mwaka 2006, ile ambayo Magneto, adui mwenye nguvu za sumaku, analing'oa daraja la Golden Gate la San Francisco na kulisogeza hadi kisiwa cha Alcatraz ili jeshi lake livuke kwa miguu. Mimi ni mhandisi wa miundo, na madaraja ndiyo yanayonipa ugali. Nikamjibu: kulivunja angelivunja, kulibeba asingeweza. Abiria wa kiti cha mbele akageuka. Ikabidi nieleze.

Nguvu za Magneto ziko kwenye chuma. Golden Gate, lililofunguliwa mwaka 1937, ni chuma karibu lote unaloliona: minara, fremu za barabara, kamba. Alichagua vizuri. Daraja letu hili la Busisi, kwa jina rasmi J.P. Magufuli, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, ni zege, na chuma kimejificha ndani yake: nondo, na nyaya zilizovutwa zikakazwa. Sasa chukua sato aliyeiva, shika mfupa wa mgongo, vuta. Mfupa unakuja, mnofu unabaki kwenye sahani. Hivyo ndivyo Magneto angeondoka na chuma chetu huku zege likimwagika ziwani.

Lakini kilichonikera kwenye ile filamu si hicho. Daraja la kuning'inia ni kamba ya kuanikia nguo. Minara ni zile fito za kuinulia kamba katikati, na barabara ndiyo kanga zilizolowa. Uzima wote uko kwenye vigingi viwili vya mwisho, kamba inapofungwa. Pale Golden Gate kila kamba kuu ina unene wa sentimita 92 na nyaya 27,572 ndani yake, na ncha zake zimefungwa kwenye matofali makubwa ya zege pwani kwa pwani, tuyaite nanga. Ng'oa nanga, kamba inalegea hapo hapo na kanga zote zinaanguka matopeni. Magneto anang'oa ncha, na daraja linaendelea kuelea limenyooka, magari yakiwa juu.

Nililichukia tukio hilo kwa miaka. Baadaye nikagundua nakosea mahesabu: nimemsahau Magneto mwenyewe. Kinacholishika daraja si nanga tena, ni yeye. Mzigo ule ule, umebadilisha bega tu. Sisi swali letu la kwanza mbele ya mchoro wowote huwa ni moja: mzigo huu unafikaje ardhini? Tangu hapo kila nikiona daraja kwenye filamu za mashujaa nauliza hilo, na ndipo najua kama mwongozaji amefikiri au amelipua tu.

Ndiyo maana Spider-Man ya mwaka 2002 bado naiweka juu. Niliiona kwenye kibanda umiza Mabatini, mtafsiri akipiga kelele kuliko spika. Adui, Green Goblin, yuko juu ya daraja la Queensboro, New York. Mkono mmoja amemshika Mary Jane, mwingine ameshika waya wa gari la angani lililojaa watoto, lile linalopita kando ya daraja kwenda kisiwa cha Roosevelt. Anaviachia vyote. Steringi anamdaka msichana, anadaka waya, na yeye mwenyewe ananing'inia darajani. Angalia mabega yake pale. Mzigo wa gari unapanda kwenye waya, unapita mkono mmoja, kifua, mkono wa pili, unaingia kwenye chuma cha daraja, unashuka kwenye nguzo. Amekuwa kipande cha muundo, kile tunachokiita kiungo cha mvutano. Na anaumia! Shujaa anayeelea hewani ameshika basi zima bila kukunja uso, mzigo wake unaishia wapi? Hewani. Simwamini.

Halafu wapita njia walio juu ya daraja wanaanza kumrushia Goblin kila wanachokipata. Kibanda kizima tulisimama. Pangekuwa porini, nani angekuwepo wa kurusha? Daraja huja na watu wake, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kupita.

Hilo watu wa huku hatuhitaji kufundishwa. Kabla ya daraja, ukifika Kigongo feri imeshatoka, unakaa. Uwe na mgonjwa, uwe na samaki wanaoyeyusha barafu, unakaa, unanunua mahindi ya kuchoma. Leo kilomita 3 hizo, kwa mwendo wa 60 kwa saa, ni dakika tatu. Kwa hiyo The Dark Knight Rises ya mwaka 2012 haikunishangaza: Bane, adui wa Batman, analipua madaraja ya jiji la Gotham, anaacha moja, na jiji zima linakuwa mateka. Mtu wa Ukerewe anayesubiri kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya anauelewa mpango huo bila mtafsiri.

Tulipofika katikati, mpwa wangu alitaka kujua adui asiye na nguvu za sumaku angeanzia wapi. Nikamwonyesha minara mifupi na kamba zake. Nikamwambia kamba hizi hazikufungwa nchi kavu kama za Golden Gate. Zinatoka mnarani na kurudi kwenye daraja hilo hilo, zikisaidiana na boksi la zege lililo chini yetu. Nanga ya kung'oa pwani hakuna. Mimi kwa kazi yangu naogopa zaidi vitu ambavyo kamera haiendi: beringi zilizo kati ya nguzo na daraja, na viungio vinavyoacha zege litanuke juani.

"Viko wapi?"

"Sikiliza tairi."

Du-dum. Akaanza kuhesabu kwa vidole, hadi Busisi.