Maktaba sio chumba cha mtihani: mnayoniambia kuhusu vijana na ubunifu, na ukweli wenyewe

Hili swali nimelijibu pale kaunta mpaka nimechoka, na likizo zikikaribia ndio linazidi, kwa hiyo leo naliandika ili nikiulizwa tena nimtumie mtu asome. Mzazi anaingia, salamu zinaisha, anatupa jicho kwenye meza ya vijana, anaona mikasi, karatasi zimetapakaa, madogo wanabishana, anageuka: "Dada, huyu si aliniaga anakuja kusoma? Mbona namkuta anachora?" Na sio wazazi tu, walimu nao wanasema hivyo hivyo, tena mwingine anakuja kumwita mwanafunzi wake atoke pale mezani akakae "sehemu ya maana". Mimi ni mkutubi hapa Mtwara, kazi yangu kubwa ni vijana wa miaka 12 mpaka 18, na naomba mnisikilize.

"Maktaba ni ya kujisomea mtihani, kuchora na kutunga ni kupoteza muda"

Hii ndio inayoniuma kuliko zote, nitakaa nayo.

Kwanza wengi mnadhani hivi vipindi vya vijana vya kuchora na kutunga nimevitoa kichwani kwangu. Hapana. Kuna Ilani ya Maktaba za Umma ya UNESCO na IFLA, yaani shirikisho la vyama vya maktaba duniani, ya kwanza UNESCO waliitoa 1949, na ile ya 1994 ikataja kazi za msingi za maktaba ya umma moja moja. Kuunga mkono elimu ya shuleni kumo, sikatai, lakini humo humo kuna kuchochea fikra na ubunifu wa watoto na vijana, kuna kumpa mtu nafasi ya kukuza ubunifu wake mwenyewe, na kuna kuenzi masimulizi ya mdomo. Wakaipitia tena 2022 na ubunifu wakauacha pale pale. Kwa hiyo ukinikuta nimekaa na vijana tunatunga, hapo ndio niko kazini.

Sasa twende kwenye vitendo. Msimu wa korosho tulikuwa na kipindi cha kutunga shairi, tarbia ya kawaida tu, yaani mishororo minne kila ubeti, mizani (silabi) 8 kwa 8, kina cha kati na cha mwisho. Hawa wa kidato cha tatu maneno yote wanayajua, mizani, vina, utoshelevu wa beti, ukiwauliza maana wanakutiririshia kama ilivyo kwenye notsi, lakini ukimwambia haya tunga ubeti mmoja, anakuangalia. Hajawahi. Miaka yote hiyo anasoma ushairi hajawahi hata siku moja kutunga ubeti wake! Binti mmoja akasema yeye anataka kuandika habari za korosho, sasa kina cha kati kikawa "sho", na kazi ikaanzia hapo, wakataja kesho, jasho, mwisho, walipoishiwa wakaenda kuchukua kamusi wakapata onyesho, malisho, kitisho, fundisho, huku wanagonga meza kuhesabu mizani, moja mbili tatu mpaka nane, wakizidisha silabi wanaanza upya. Alichotoka nacho siku ile ni hii mishororo miwili:

*Baba kauza korosho, kalamu hajanunua,*
*Ananiambia kesho, na kesho sijaijua*

Naomba mtu aniambie hapo ni kipi ambacho sio kusoma. Kafungua kamusi kwa hiari yake, kapima silabi, "malisho" kaitupa maana haikuleta maana, halafu kabla hajaondoka akaniomba diwani, kitabu cha mashairi, akaangalie wenzake wanafungaje ubeti. Hakuna mwalimu aliyemtuma. Huyo akikutana na swali la ushairi kwenye mtihani atalijibu kama mtu ambaye hiyo kazi kaifanya kwa mkono wake, na mwenzake aliyekariri notsi akisahau mstari mmoja tu ndio basi.

Na ile meza ya mikasi mnayoisema, pale walikuwa wanatengeneza vijitabu. Unachukua karatasi moja ya A4, unaikunja nusu mara tatu, ukiifungua inakuwa na vyumba 8, unaipasua katikati lakini sio mpaka mwisho, unaikunja upya inakuwa kijitabu cha kurasa 8 bila pini wala gundi. Karatasi moja tu! Vijana wa kiume ambao shelfu walikuwa wanaipita kama ukuta walitaka kuchora mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa kale ambaye mifupa yake ilichimbwa hapo Lindi jamani, nikawaambia sawa lakini hatuchori kitu tusichokijua, nendeni kwenye shelfu namba 567 mkamtafute. Wakakuta Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, wakakuta yule aliyesimamishwa kwenye makumbusho Berlin ana urefu wa mita 13 na kitu kwenda juu, wakaomba kamba, wakapima mita 13 wakailaza uani, wakanyamaza kidogo wanaiangalia tu. Halafu mmoja akauliza mifupa mizito vile ilifikaje bandarini wakati huku hakukuwa na barabara, tukasoma pamoja kwamba wapagazi waliibeba kwa miguu mpaka Lindi, safari ya siku kadhaa kila mzigo, na yule kijana akabadilisha kijitabu chake chote, akaacha kumchora mjusi akachora wapagazi. Na akaunganisha mwenyewe kwamba 1909 ni miaka miwili tu tangu Vita vya Majimaji viishe, kwa hiyo wale wabebaji ni watu waliotoka kwenye vita na njaa. Hiyo ni historia ya sekondari, kaipata akiwa ameshika penseli ya rangi, na mimi nilichofanya ni kumwonyesha shelfu.

Kwa hiyo mtu akisema "katuni sio kusoma" huwa nashindwa kuvumilia. Kuweka habari nzima kwenye kurasa 8 ndogo maana yake uamue kipi kibaki na kipi kitoke, na huo ndio ufupisho wenyewe ambao mnalalamika watoto hawauwezi kwenye mtihani.

Kuhusu kelele nasema mara moja tu. Mtu aliyekuja kusoma kimya ana haki yake na naitetea, ndio maana vipindi vya vijana vina siku na saa zake na tunavifanyia barazani au pembeni. Kimya ni cha sehemu ya kusomea. Shairi linahesabiwa kwa sauti, igizo linafanyiwa mazoezi kwa sauti, huwezi kutaka vyote viwili saa ile ile sehemu ile ile.

Na hapa nina ombi langu ambalo kila mzazi ninayemfahamu nimeshamwambia. Mtoto akirudi nyumbani usimuulize kasoma kurasa ngapi. Mwambie akuonyeshe alichotengeneza, halafu shika kitu kimoja pale muulize, "hiki umekitoa wapi?" Kama alisoma atakueleza mpaka ugali upoe, na kama alizurura utajua papo hapo. Lile swali la kurasa ngapi yeyote anaweza kukudanganya.

"Ubunifu ni kipaji, wangu hakuzaliwa nacho"

Hii nayo inanishangaza kuisikia huku kwetu kuliko sehemu nyingine yoyote. Mmakonde anayechonga mpingo hakuzaliwa kashika tezo, alikaa chini ya mti na baba yake au mjomba, akaanza na vipande vilivyoharibika, akakatwa vidole, akarekebishwa, miaka inaenda. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, hakusomea uchoraji popote, alianza kupaka rangi za kawaida kwenye vipande vya hadibodi Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akafariki 1972, na ule mtindo haujafa naye kwa sababu alishawafundisha ndugu zake na vijana waliokuwa wanakaa naye. Ingekuwa ni kuzaliwa nacho tu ungeishia palepale. Mtoto wako anahitaji karatasi nyingi za kuharibu, mtu wa kukaa naye, na ruhusa ya kufanya kitu kibaya cha kwanza bila kuchekwa, na hicho cha tatu ndio mnakiua ninyi wenyewe, mnakishika mnacheka "hiki sasa ni nini?"

"Bila kompyuta na intaneti hamna mnachoweza"

Kuna mtu ananitajia Chicago ya Marekani kila tukikutana. Ni kweli, maktaba kuu ya Chicago ilifungua ukumbi wa vijana wa sekondari unaitwa YOUmedia mwaka 2009, una kompyuta na studio ya kurekodi, ni kitu kizuri mno. Lakini angalia vizuri, pale pia wameweka watu wazima wa kuwalea vijana kwenye kazi zao, wasanii wenyewe, na vijana wanaruhusiwa kukaa tu na wenzao mpaka kitu kiwavutie. Hayo mawili hayahitaji umeme. Kompyuta ikipatikana naipokea kwa mikono miwili, programu kama Scratch ya kufundishia watoto kutengeneza michezo na hadithi ni bure na ukishaiweka inafanya kazi bila bando, ila sitafunga kipindi kwa sababu umeme umekatika. Simu moja ya kawaida inatosha kurekodi bibi akisimulia, na hii naisukuma sana, nendeni kwa bibi zenu mkarekodi vitendawili na hadithi za Kimakonde, za Kimwera, za Kiyao, za Kimakua, mje muandike. Shelfu ya 398 ndio ya hadithi za jadi na ukiiangalia utaona za huku kwetu ni chache, wa kuzijaza ni hao hao vijana.

"Ameshakuwa mkubwa, hayo ni mambo ya watoto"

Mtoto katoka unyagoni au jandoni, ana miaka 13, nyumbani anaambiwa michezo basi. Mila naiheshimu, nimekulia humo humo na mimi nilichezwa. Ila unyagoni kwenyewe si kumejaa nyimbo, ngoma, vitendawili na mafumbo? Wazee wetu walijua umri huu unashika mambo kwa kuimba na kuigiza, leo mnataka ushike kwa kukaa kimya kwenye benchi. Na kwenye fani yetu IFLA wana miongozo ya huduma za vijana iliyo mbali na ya watoto, kwa sababu mtu wa miaka 15 ukimweka kona ya watoto anaona aibu, ukimweka kwa watu wazima anaboreka anaondoka, na akiondoka umri huo harudi.

"Vitabu vitachakaa"

Vichakae. Mkutubi wa India, Ranganathan, aliandika kanuni zake tano mwaka 1931 na ya kwanza kabisa ni kwamba vitabu ni vya kutumika. Kinachonisikitisha mimi ni kitabu cha miaka mingi ambacho bado kinanukia duka. Kikichanika gundi tunayo, tena vijana wenyewe wanavishona.

"Mtoto wa kike akija maktaba jioni anakuja kukutana na wavulana"

Wasiwasi wa mzazi nauelewa, mimba za wanafunzi mkoani kwetu hazijifichi na simlaumu mama anayeogopa. Lakini kumfungia sio jibu, na mara nyingi anayezuiwa anakuja kuzuiwa maktaba tu, sokoni anatumwa, kisimani anatumwa, kwenye ngoma ya mnanda hakatazwi. Fanya hivi, chukua ratiba ya kipindi, jua kinaanza saa ngapi na kinaisha saa ngapi, njoo siku ya kwanza ukae hata nusu saa uone nani anasimamia, halafu mpange waje watatu wanne wa mtaa mmoja na warudi pamoja. Akina mama waliofanya hivi hawajaacha kuwaleta. Na hawa wasichana ndio wanaoandika vizuri, nasema kwa kuwa kazi zao nazisoma mimi.

"Aliyeacha shule hana kazi maktaba"

Maktaba ya umma sio ya shule. Haiulizi sare wala namba ya mtihani, na ile ilani niliyoitaja huko juu imeandika wazi kwamba huduma ni kwa wote bila kuangalia umri, jinsia, dini wala hali ya mtu. Kijana anayebangua korosho, anayebeba samaki, anayesubiri abiria na bodaboda kijiweni, wote nawataka, na mara nyingi ndio wenye mambo ya kusimulia maana wanayaona wenzao hawajayaona. Wengi wanaishia mlangoni wanachungulia wakidhani watafukuzwa, na kuna sehemu kweli wamewahi kufukuzwa. Kama unaye nyumbani kijana wa hivyo mwambie aje Jumamosi asubuhi, habari za uanachama aulizie kaunta, na akiwa na nguo za kazini aje nazo hivyo hivyo, akifika tu amtafute dada wa vijana, ndio mimi.