Kondoo mwenye mimba: tunayoambiana mabandani na ukweli wake

Kwa wafugaji wadogo wa Chanika, Kivule na Kigamboni, hapa Dar es Salaam, mwanakondoo akizaliwa na kilo moja na nusu wa kwanza kulaumiwa ni dume, kisha jicho la jirani. Chakula alichokula mama hakiulizwi. Na hapo ndipo penye jibu, mara nyingi.

“Mimba ikikua mpunguzie, mtoto asije akawa mkubwa akamshinda kuzaa.”

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayotutia hasara kubwa. Kondoo hubeba mimba siku 147 hivi, na takriban asilimia 70 ya uzito wa mwana hujengwa katika wiki sita za mwisho. Anayempunguzia mama chakula wakati huo anapunguza kilo za mwana moja kwa moja.

Ni kweli mwana akizidi ukubwa anaweza kukwama, hasa akiwa peke yake tumboni mwa jike wa mimba ya kwanza. Lakini kondoo wetu wekundu wa Kimasai na wale wa kichwa cheusi huzaa wana wa kilo mbili hadi tatu. Shida ya mabanda yetu ni wepesi wa wana. Mwana mwepesi huzaliwa na akiba ndogo ya mafuta ya kumpa joto. Akidondoka usiku wa masika kwenye banda linalovuja, anatetemeka, hana nguvu ya kusimama kutafuta chuchu. Hata akiifikia, mama aliyelala njaa ana dang'a (maziwa ya kwanza) kidogo, nzito, na imechelewa kushuka, wakati saa sita za kwanza ndizo za kumpatia kinga.

Mama naye yumo hatarini. Mwenye pacha anahitaji karibu mara mbili ya nguvu anazohitaji kondoo asiye na mimba. Akizikosa, mwili unayeyusha mafuta yake kwa kasi na damu inajaa sumu. Utamwona amejitenga na wenzake, kaacha kula, anayumba, anaegemeza kichwa ukutani kama asiyeona. Watu husema kalogwa. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, maana wengi hawafiki wiki.

“Basi nitamjaza pumba mwezi wa mwisho, yatafidia.”

Hayafidii yote. Kondo la nyuma, linalompitishia mwana chakula, hukua zaidi kati ya siku ya 30 na ya 90. Mama akikonda sana kipindi hicho, njia ni nyembamba, na chakula cha baadaye hakipiti chote. Tena mwishoni tumbo la uzazi hulibana tumbo la chakula, hawezi kula kingi kwa mara moja. Ukimmwagia pumba ghafla anavimbiwa au anaharisha. Anza na konzi moja, ongeza polepole hadi gramu 200 au 300 za pumba na mashudu ya alizeti kwa siku kwa kondoo wa kilo 30, ukigawa asubuhi na jioni.

Usiyaamini macho, mpapase. Weka vidole mgongoni nyuma ya ubavu wa mwisho: ukichomwa na mifupa, kakonda; ukiitafuta mifupa huioni, kanenepa mno, na mnene mwenye pacha naye huugua ugonjwa ule ule wa kuyumba na kuacha kula.

“Jike mdogo ashibe sana, mwana atakuwa mkubwa.”

Kinyume chake. Watafiti wa Taasisi ya Rowett, Aberdeen, Uskoti, waliwalisha kupita kiasi majike waliopata mimba wakiwa bado wanakua. Chakula kilienda kwenye mwili wa mama, kondo likabaki dogo, na wana wakazaliwa wepesi. Dawa ni kutomwacha dume ampande kabla hajakomaa.

“Majani yanatosha.”

Mabingobingo mabichi, labda. Yaliyokomaa yakawa miti, pamoja na maganda ya ndizi ya soko la Mabibo, hujaza tumbo tu. Protini ni kidogo. Ongeza majani ya lukina, mti wa malisho. Chakula cha kuku kilichobaki kiache kabisa, maana shaba iliyomo kuku huivumilia, ila kondoo inamrundikia kwenye ini mpaka inamuua.

“Joto halihusiani na uzito.”

Linahusiana sana, hasa Dar kuanzia Desemba hadi Machi. Kondoo akichemka, damu hukimbilia kwenye ngozi kupoza mwili na tumbo la uzazi linapata kidogo. Bati lililo chini chini bila mti wa kivuli linaweza kupunguza uzito wa mwana hata kama mama anakula vizuri. Inua paa, na maji yasikauke kwenye ndoo.

Pacha, mimba ya kwanza na mwana wa kike huja wepesi kidogo hata kwa mama aliyelishwa vizuri, kwa hiyo usimtupie chakula kila lawama.

Wengi huniuliza: wiki sita za mwisho nitazijuaje, na dume analala na majike mwaka mzima? Mtenge dume. Siku za kupandisha mpake kifuani mafuta ya kupikia yaliyokorogwa na udongo mwekundu. Jike atakayepandwa atabaki na alama mgongoni, nawe andika tarehe. Aliyepandwa Juni 1 atazaa kuelekea Oktoba 26, na mashudu yake yaanze katikati ya Septemba.