"Afande, mchapeni kidogo tu": kwa nini bakora ya stesheni haimalizi kesi

Mwezi uliopita nlikuwa nimekaa kwenye benchi la stesheni moja ya polisi huku kwetu pwani, sitaitaja, nangojea faili la kijana mwengine kabisa, mara akaingia mama amemkamata mwanawe mkono kama anayevuka naye barabara, mtoto wa miaka kumi na tatu, kandambili moja imekatika anaiburuta. Salamu yenyewe ilikuwa ya haraka haraka. Akafika kaunta akasema, "Afande, huyu kaiba simu ya jirani, babake yuko baharini na mimi nishashindwa. Mchapeni kidogo tu mumtie adabu, lakini msimfunge."

Nyuma ya mlango wa ile ofisi kulikuwa na kipande cha mpira wa maji kimening'inizwa kwa kamba, urefu kama mkono hivi, kimekuwa cheusi na kung'ara pale kinaposhikwa. Afande akakitazama, alafu akanitazama mimi, alafu akacheka. Kama nisingekuwepo sijui ingekuwaje, au niseme ukweli, najua.

Mimi ni afisa wa probesheni hapa Malindi, kazi yangu kila siku ni vijana waliofanya makosa, na swali la huyu mama naulizwa kila mahali, msikitini, kwenye tuktuk, ata harusini. Watu hawaulizi kwa ubaya. Wanaona vijana wanapora simu na boda, wanaona akipelekwa kortini anarudi mtaani kwa dhamana kabla mwenye simu hajafika nyumbani, basi wanasema bora polisi wawacharaze bakora mbili tatu pale pale kila mtu aende zake.

Sheria nitaipitia haraka manake haina utata. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 29 imekataza adhabu ya viboko kwa mtu yeyote, na cha 53 kinamlinda mtoto na kila aina ya ukatili. Korti zenyewe zilinyang'anywa kiboko mwaka 2003, kwa hivo leo hakimu na joho lake hawezi kuamuru uchapwe hata kimoja, sasa konstebo wa kaunta ataitoa wapi hiyo ruhusa? Alafu kuna sheria ya 2017 ya kuzuia mateso, hii maafande wengi hawapendi nikiitaja. Ofisa wa serikali akimtesa mtu kwa kusudi la kumuadhibu au kumtoa maneno, kifungo ni mpaka miaka 25, na kusema "mkubwa wangu alinituma" hakumuokoi. Pia mzazi kuomba si kibali, mama hawezi kumpa afande ruhusa ambayo katiba imemnyima.

Kuna wanaoniambia haya ya haki ni mambo ya wazungu, bakora ndio mila yetu. Hapo hunicheka roho. Bakora ya mwalimu wangu wa chuo cha Kurani naijua, nimeila, na sijasema ilikuwa tamu, lakini bakora ya serikali, ile ya kuandikwa idadi na kusimamiwa na askari, ilikuja na sheria za mkoloni. Mwaka 1938 kule Uingereza kamati ya serikali ilikaa ikaangalia wanyang'anyi waliochapwa na ambao hawakuchapwa, wakakuta kuchapwa hakukuwazuia watu kurudia. Vita vikaingilia kati, mwaka 1948 wakaifuta kwao. Kwetu ikabaki miaka 55 zaidi. Walichokiona hakifai kwao walituachia sisi, na leo sisi ndio tunakitetea!

Na msidhani kule iliisha vizuri kote. Kisiwa cha Man, hapo kati ya Uingereza na Ireland, kina sheria zake, wao waliendelea. Mwaka 1972 kijana wa miaka 15 jina lake Tyrer alihukumiwa fimbo tatu kwa kumpiga mwanafunzi mwenzake, na waliomchapa walikuwa polisi, ndani ya stesheni. Kila kitu kilikuwa kwa utaratibu, daktari yuko, babake yuko. Kijana akavuliwa suruali na chupi, akainamishwa juu ya meza, polisi wawili wamemshika wa tatu anachapa, fimbo ikaanza kumeguka kwenye pigo la kwanza. Pigo la tatu babake akashindwa kuvumilia akamrukia askari mmoja, ikabidi azuiwe. Kesi ilifika mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, na mwaka 1978 majaji wakasema ile ilikuwa adhabu ya kudhalilisha, kijana amefanywa kama kitu tu mikononi mwa serikali. Mimi humfikiria zaidi yule baba. Alikwenda pale kama mzazi wa kushuhudia, na mbele ya mwanawe akageuka wa kushikwa na yeye.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nimekiona kazini na sikisomi popote. Kijana aliyepigwa stesheni anahesabu kwamba ameshalipa. Ukimuuliza habari ya ile simu anakwambia bila haya, "Si walinipiga?" Yaani kwake deni limekwisha, tena anaona kama amezidishiwa chenji. Na mwenye simu je? Hana simu, hana pole, hana hata jina la aliyeinunua. Kwenye kesi nzima aliyefaidika ni mkono wa afande uliopata mazoezi.

Kuna ubaya mwengine umejificha na huu nataka wazazi waushike vizuri. Sheria mpya ya watoto ya 2022 imeleta njia ya kutoa kesi ya mtoto nje ya korti, mtoto aombe msamaha, arudishe au alipe alichoharibu, afanye kazi ya jamii, awe chini ya uangalizi. Ni njia nzuri na haimuachii rekodi ya kufungwa. Lakini sharti lake la kwanza ni mtoto akubali kosa kwa hiari yake, bila kutishwa. Sasa wewe umeomba apigwe, amekubali huku anatetemeka, hiyo hiari iko wapi? Umeziba mlango rahisi kwa mkono wako mwenyewe. Hata kortini ni hivo hivo, maneno ya kukiri yanapokelewa yakisemwa mbele ya jaji, hakimu, au polisi wa cheo kuanzia inspekta ambaye sio anayechunguza kesi, na mshukiwa awe na mtu wake aliyemchagua. Ya mpira wa maji nyuma ya mlango yanaweza kuangusha kesi yote, na aliyeiba kweli akatoka anapiga mluzi.

Mtoto wa chini ya miaka 12 hashtakiwi kabisa, zamani ilikuwa miaka 8. Wa 12 mpaka 14 sheria inaanza kwa kumuona hajui, upande wa mashtaka ndio uthibitishe kwamba alijua. Na akiwekwa selo asichanganywe na watu wazima, hili mzazi lidai bila kuona haya.

Maafande nao niwatetee kidogo, hawaamki asubuhi wakiwa na hamu ya kupiga watoto wa watu. Kijana akishikwa Kiunga au Kizingitini, kumfikisha Lamu mjini ni safari ya boti, na maji yakitoka Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, haupitiki mashua ikiwa imeshiba mizigo. Saa 24 za kumfikisha kortini zinahesabika, mafuta ya boti hakuna, afisa wa watoto yuko mbali, na wazee wa mji wamesimama mlangoni wanasema tumalizeni hapa hapa. Bakora ndio kitu pekee kilicho karibu. Hiyo ni shida ya kweli na inataka boti na maafisa.

"Je, yule wa miaka 17 mwenye panga?" Huyo aende kortini, kuna boostali, yaani jela ya kurekebisha vijana, pale Shimo la Tewa Mombasa, anaweza kukaa mpaka miaka mitatu, mbali na maskani na wenzake. Sidhani kuna aliyekaa miaka mitatu akasema amedekezwa.

Na kama mwanao ameshapigwa, usimkande kwa maji moto ukanyamaza. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hasa akiwa amepigwa nyayo au mapaja, misuli ikiumia sana mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi na figo zinaweza kufeli huku ngozi juu inaonekana salama. Ripoti, uchukue namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha stesheni, ukiandika ata kiganjani sawa, na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, ijazwe na daktari. Ukiogopa kuripoti pale pale alipopigwa, piga 1559 ya IPOA, wao kazi yao ni kuchunguza polisi. Ya watoto ni 116, zote bure.

Yule wa kandambili hakupigwa. Simu ilipatikana kwa fundi mmoja sokoni, kioo kimepasuka, kutengeneza ni 1,500. Tukakaa mimi, afisa wa watoto, mama, jirani na mtoto, upande wa mashtaka ukaridhia, ikawa kila Jumamosi anamsaidia mjomba wake kuuza madafu na 300 zinakwenda kwa jirani, anampelekea yeye mwenyewe mkononi. Hiyo ya kupeleka mwenyewe ndiyo aliyoilia, nyengine zote alikubali. Jumamosi ya pili hakutokea, nikamfuata bichi nikamkuta anacheza mpira, tukarudi pamoja hatusemezani. Tangu hapo hajakosa, zimebaki 600.